Okestra ilipiga Pyongyang, uadui ukabaki: muziki ulifanya kazi gani?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Morogoro na pia nafundisha kwaya ya shule. Niliwaonyesha wanafunzi video ya okestra ya New York ikipiga Arirang, wimbo wa jadi wa Wakorea, mjini Pyongyang mwaka 2008. Wimbo ulipokwisha, watu ukumbini waliwapungia mikono wanamuziki, na wanamuziki nao wakawapungia. Mwanafunzi mmoja akauliza: kama waliguswa namna ile, mbona Marekani na Korea Kaskazini ni maadui mpaka leo? Sikuwa na jibu la kumtosheleza. Je, hii diplomasia ya muziki ina ukweli wowote, au ni propaganda tu?

JIBU: Mwalimu, mpe hongera mwanafunzi huyo kwa niaba yangu. Ameshika jambo ambalo hotuba nyingi za mabalozi hulikwepa. Jibu langu kwa kifupi ni hili: muziki hauzipatanishi serikali. Serikali huamua kusogeleana kwa sababu zake zenyewe, kisha huwaita wanamuziki waitangaze nia hiyo kwa namna ambayo tamko la wizara haliwezi. Lakini muziki ukishavuka mpaka, huwafikia watu ambao hao walioutuma hawakuwafikiria kabisa, na matunda yake, yakiwepo, hukomaa kwa watu hao, tena baada ya miaka mingi. Kwa hiyo mwanafunzi wako ana haki ya kushangaa, ila matokeo anayoyatafuta hayapatikani mahali anapoyatafutia.

Tuanze na hiyo video yenyewe, kwa sababu inaeleweka vizuri zaidi ukiiweka pembeni ya kalenda. Oktoba 2006 Korea Kaskazini ilijaribu bomu la nyuklia kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata, mazungumzo ya pande sita, yaani Korea zote mbili, Marekani, China, Japani na Urusi, yakazaa makubaliano ya kuzima kinu cha nyuklia cha Yongbyon, huko Korea Kaskazini. Katika kipindi hicho cha matumaini ndipo mwaliko wa okestra ulipotoka. Haukuja wakati wa matusi, ulikuja wakati pande zote mbili zilikuwa zinatafuta namna ya kuonyesha kwamba zina nia njema. Na watu wa okestra ya New York hawakukubali kienyeji tu. Walitaka tamasha litangazwe moja kwa moja nchini kote, waandishi wa habari wa nje waruhusiwe kuingia, na wanamuziki wenye asili ya Korea wapokelewe sawasawa na wenzao.

Tarehe 26 Februari 2008 wakapanda jukwaani katika Ukumbi Mkuu wa Pyongyang Mashariki, Lorin Maazel akiongoza. Bendera mbili, moja kila upande wa jukwaa. Ukapigwa wimbo wa taifa wa Korea Kaskazini, kisha wa Marekani, na watu wote ukumbini wamesimama. Fikiria maana yake: nchi ambayo watoto wake walikua wakifundishwa kuwa Mmarekani ndiye adui namba moja, inasimama kwa heshima ya wimbo wake, na televisheni ya taifa inaonyesha. Kisha wakapiga kazi ya mtunzi Mjerumani Wagner, wakapiga simfoni (kazi ndefu ya okestra) ya tisa ya Dvořák na An American in Paris ya Gershwin. Uchaguzi huo ulikuwa na hesabu yake. Simfoni hiyo ya Dvořák na kazi hiyo ya Gershwin zote zilipigwa kwa mara ya kwanza duniani na okestra hiyohiyo ya New York, ya kwanza mwaka 1893 na ya pili 1928. Walikuwa wanajitambulisha: sisi ni hawa.

Kuna kipande kimoja ambacho ningekuomba uwaonyeshe wanafunzi kabla ya Arirang. Ni utangulizi wa Candide, mchezo wa muziki wa mtunzi Leonard Bernstein. Maazel anaondoka jukwaani, na okestra inapiga bila kiongozi. Kwa New York hiyo ni desturi ya kumuenzi Bernstein, aliyewahi kuiongoza okestra hiyo kwa miaka mingi. Lakini tazama inavyoonekana katika nchi ambayo kila picha, kila wimbo na kila hotuba humrudia kiongozi mmoja: watu wapatao mia moja wanapiga muziki mgumu, wa kasi, wakisikilizana tu, na pale mbele hakuna mtu. Hakuna aliyetamka neno la siasa. Mimi naona ndiyo hotuba iliyosema mengi kuliko zote jioni ile, na sidhani kama kuna mwanadiplomasia aliyeipanga.

Kisha Arirang. Wimbo huu ni wa Wakorea wa kusini na wa kaskazini kwa pamoja, umekuwepo kabla ya nchi yao kugawanywa, na kila Mkorea amelelewa nao. Wageni walipoupiga, walikuwa hawapigi wimbo wa serikali yoyote. Ndiyo sababu ukumbi ulifunguka pale na si kwenye Wagner. Hisia zile na mikono ile ilikuwa ya kweli, Mwalimu. Usimruhusu mtu yeyote amwambie mwanafunzi wako kwamba yote yalikuwa maigizo.

Sasa rudi kwenye kalenda. Kim Jong Il, kiongozi wa Korea Kaskazini wakati huo, hakutokea ukumbini. Condoleezza Rice, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, siku hizo alikuwa jirani tu, Seoul, kwenye kuapishwa kwa rais mpya wa Korea Kusini, na hakuvuka. Hizo ni ishara ambazo mchambuzi wa siasa angezisoma usiku uleule. Juni 2008 Korea Kaskazini ikabomoa mnara wa kupozea wa Yongbyon mbele ya kamera. Mwisho wa mwaka huo mazungumzo yakakwama kwenye suala la namna ya kukagua, na tarehe 25 Mei 2009 ukafanyika mlipuko wa pili wa majaribio. Miezi 15 tu baada ya Arirang. Waliokuwa wakiamua kuhusu nyuklia hawakuwa wale waliokuwa wakipunga mikono, na wale waliokuwa wakipunga mikono hawakuwa na njia yoyote ya kuwaamrisha wanaoamua. Hilo ndilo jibu la swali la mwanafunzi wako kwa upande wa siasa.

Ila nikiishia hapo nitakuwa nimelidhulumu jambo lenyewe. Ukitaka kuona muziki ukifanya kazi baina ya maadui, itazame China.

Kati ya mwaka 1966 na 1976, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, muziki wa mtunzi Mjerumani Beethoven na wenzake wa Ulaya ulihesabiwa kuwa sumu ya mabepari. Walimu wa chuo cha muziki cha Shanghai walipigwa, walidhalilishwa, baadhi wakajiua. Mkuu wa chuo hicho, mtunzi He Luting, alihojiwa mbele ya kamera za televisheni mwaka 1968, na badala ya kukiri makosa akapaza sauti kukataa tuhuma. Katikati ya hali hiyo, Februari 1972, Rais Nixon wa Marekani akaenda Beijing, na Septemba 1973 ikafuata Okestra ya Philadelphia, ya kwanza kutoka Marekani kupiga katika Jamhuri ya Watu wa China. Angalia mpangilio tena: Nixon kwanza, fidla baadaye.

Kilichotokea Beijing kinafaa kusimuliwa kwa wana kwaya wako, kwa sababu ni kisa cha siasa kilichochezwa kwenye orodha ya nyimbo. Kiongozi wa okestra, Eugene Ormandy, alikuja na Beethoven wa tano, yaani simfoni yake ya tano. Jiang Qing, mke wa Mao, kiongozi wa China, na mwenye kauli ya mwisho katika sanaa, akataka wa sita. Wa tano husemwa kuwa unahusu majaliwa kumbishia binadamu hodi mlangoni, na mwanamapinduzi hatakiwi kuamini majaliwa. Wa sita unahusu shamba, wakulima na dhoruba. Ormandy hakuupenda wa sita na hakuja na nota zake. Mwanadiplomasia wa Marekani, Nicholas Platt, ameeleza jinsi ilivyombidi ambembeleze mzee, akimwambia kwamba kazi yenye wakulima na dhoruba inaendana kabisa na fikra za wenyeji wao. Nota zikatafutwa hukohuko China, hazikufanana na zile walizozoea, na wanamuziki bora kabisa wa Marekani wakalazimika kupiga kwa kubahatisha mahali pa kuanzia. Mwalimu wa kwaya anajua vizuri jasho la namna hiyo.

Lakini ya maana kuliko hayo ni yale yaliyotokea kwenye mazoezi. Ormandy alialikwa kuisikiliza okestra ya taifa ya China, nayo ikampigia huohuo wa tano, kiongozi wao akiwa Li Delun, mwanamuziki aliyesomea Moscow na ambaye kwa miaka hakuwa ameruhusiwa kuupiga hadharani. Walipomaliza sehemu ya kwanza, Li akamkabidhi Ormandy fimbo. Ormandy akaiongoza sehemu ya pili. Watu hawa walikuwa wamefungiwa muziki huu kwa muda mrefu, na wakaongozwa na mtu aliyekuwa nao maisha yake yote. Waliokuwemo wamesimulia kwamba sauti ya okestra ilibadilika palepale.

Je, siasa zililegea? Hapana. Mapema mwaka 1974 magazeti ya chama yalianzisha kampeni kali ya kushutumu muziki wa Kimagharibi, Beethoven na mtunzi mwingine, Schubert, wakitajwa kwa majina. Mtu anayepima kwa miezi angesema ziara imeharibu. Uhusiano kamili wa kibalozi kati ya Marekani na China ulingoja hadi tarehe 1 Januari 1979, na ulitokana na hofu yao ya pamoja kuhusu Urusi ya Kisovieti pamoja na mabadiliko ya uongozi baada ya Mao kufariki. Beethoven hahusiki.

Pamoja na hayo, mtunzi Tan Dun amesimulia mara kadhaa kwamba alimsikia Beethoven kwa mara ya kwanza kupitia vipaza sauti vya kijiji, huko Hunan, alikopelekwa kulima mpunga kama vijana wengine wa kizazi chake, na kwamba okestra iliyosikika ilikuwa ya Philadelphia. Machi 1977 Li Delun akaruhusiwa kuuongoza wa tano hadharani, kuadhimisha miaka 150 ya kifo cha Beethoven. Vyuo vya muziki vilipofungua milango tena, vijana walimiminika, Tan Dun akiwa mmoja wao. Baadaye alipata tuzo ya Oscar kwa muziki wa filamu. Philadelphia nayo ilirudi China, ikarudi tena, ikaweka utaratibu wa kukaa na kufundisha, na Novemba 2023 ilikuwa Beijing kuadhimisha miaka 50, wakati Washington na Beijing zikiwa katika kipindi kibaya cha uhusiano wao. Bado wana mahali pa kukutana. Huko Pyongyang, asubuhi iliyofuata tamasha la 2008, wanamuziki wanne wa New York walikaa na wenzao wanne wa Korea Kaskazini wakapiga pamoja kazi ya mtunzi Mendelssohn ya ala nane za nyuzi. Ilikuwa mbegu ileile ya Beijing. Tofauti ni kwamba hakuna aliyerudi kuimwagilia.

Umeuliza kuhusu propaganda, na hapa sitaki kuuma maneno, maana kuna mfano uliotugusa sisi wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja.

Kuanzia mwaka 1956 serikali ya Marekani ilikuwa ikiwalipia wanamuziki wa jazi kuzunguka dunia. Moscow ilikuwa inasema, kwa haki kabisa, kwamba Marekani inahubiri uhuru huku ikiwabagua watu weusi. Jibu la Washington likawa kuwatuma watu weusi wenye vipaji vikubwa wawe sura yake. Dizzy Gillespie alitangulia, na alipotakiwa ahudhurie semina ya kuelekezwa cha kusema, alijibu kwamba maelekezo ya miaka 300 yanamtosha. Louis Armstrong alikuwa aende Urusi ya Kisovieti mwaka 1957, akakataa hadharani baada ya kuona wanafunzi weusi wakizuiwa kuingia shuleni huko Little Rock, akaisema serikali yake kwa maneno makali ambayo watu weusi wachache wa umaarufu wake walithubutu kuyatamka wakati huo.

Mwaka 1960 alikubali kuja Afrika. Oktoba alifika Leopoldville, leo Kinshasa, akabebwa juu kwenye kiti kama mfalme, umati ukifurika. Novemba alipiga Elisabethville, leo Lubumbashi, mji wa Waswahili wa Katanga, jimbo ambalo Moïse Tshombe alikuwa amelitangaza kuwa nchi. Watu walimpenda kwa dhati. Wakati huohuo Patrice Lumumba, waziri mkuu aliyechaguliwa, alikuwa amezuiliwa nyumbani kwake Leopoldville, katika jiji lilelile lililokuwa linacheza. Kamati ya Seneti ya Marekani iliyochunguza mashirika ya ujasusi mwaka 1975 ilithibitisha kwamba shirika la CIA lilipanga kumuua na kwamba sumu ilipelekwa Leopoldville mwezi Septemba 1960. Haikutumika. Lumumba alitoroka, akakamatwa, akapelekwa Katanga, na tarehe 17 Januari 1961 akauawa karibu na Elisabethville kwa mikono ya Wakatanga na Wabelgiji. Sumu ilitangulia, tarumbeta likafuata wiki chache baadaye, na vyote viwili vilitoka serikali moja.

Armstrong hakuhusika na njama hiyo. Lakini furaha aliyoileta ilitumika kuwaonyesha Wakongo sura njema ya Marekani katika miezi ileile ambayo Marekani ilikuwa inawanyang'anya kiongozi wao. Kwa hiyo, ndiyo, Mwalimu, ilikuwa propaganda, na ni ya aina inayouma, kwa sababu muziki wenyewe ulikuwa wa kweli. Propaganda mbovu haimdanganyi mtu. Hii ilibebwa na mtu mwema mwenye kipaji kisicho na shaka, na ndiyo maana tunapaswa kuwafundisha vijana kuuliza nani amelipia safari.

Kwenye rasi ya Korea unaweza kuona sura zote mbili kwa pamoja. Aprili 2018 wanamuziki wa Kusini, wakiwemo mabinti wa kundi la Red Velvet, waliimba Pyongyang mbele ya kiongozi wa Kaskazini, Kim Jong Un, naye akapiga makofi na kupiga nao picha. Mwishoni mwa mwezi huohuo alikutana na Rais Moon wa Kusini kule Panmunjom, mpakani. Lakini nyimbo za aina hiyohiyo za Kusini zilikuwa zikirushwa kwa vipaza sauti vikubwa mpakani kuelekea Kaskazini uhusiano ulipochafuka, kama silaha. Na mwaka 2020 Kaskazini ikatunga sheria yenye adhabu kali mno kwa wanaosambaza burudani za Kusini. Ukumbini ni zawadi, mpakani ni shambulio, mtaani ni kosa la jinai, na wimbo haujabadilika.

Kuna njia nyingine isiyopitia serikalini, nayo naiheshimu kuliko zote. Mwaka 1999, huko Weimar, Ujerumani, mpiga piano Daniel Barenboim, Mwisraeli, na mwanazuoni Edward Said, Mpalestina, waliwaita vijana wa Kiisraeli na wa nchi za Kiarabu wakae kwenye okestra moja. Iliitwa West-Eastern Divan, na Agosti 2005 ilipiga Ramallah. Barenboim amekuwa mkweli kuhusu hilo: amesema si mradi wa amani na hautaleta amani, ni mradi wa kupambana na ujinga wa kutomjua mwenzio. Wapo Wapalestina waliopinga, wakisema unafanya ukaliaji wa ardhi yao uonekane jambo la kawaida, na hoja yao ina uzito. Ila wale vijana hawakwenda kwa siku mbili. Wanarudi kila mwaka, wanagombana, wanagawana kinara kimoja cha nota, na ukigawana kinara na mtu huna budi kupumua naye.

Basi mwambie mwanafunzi wako kwamba wale watu wa Pyongyang waliguswa kweli, na kwamba hawakuwa na mamlaka juu ya Yongbyon. Kisha mpe kazi. Atakaposikia tena kwamba nchi fulani imepeleka wanamuziki kwa adui wake, atafute mambo machache: serikali zilikuwa zimeshaanza kuzungumza kabla, au muziki umetumwa kujaza pengo? Nani amelipa, na wiki hiyohiyo serikali yake ilikuwa inafanya nini kingine katika nchi ile? Waliobaki na kitu ni nani, wakubwa walioketi safu ya mbele, au wanafunzi na wanamuziki waliopata mwalimu, nota na mtu wa kumwandikia? Na la mwisho, ambalo kwa uzoefu wangu ndilo linalofichua mengi: wenyeji nao walialikwa upande wa pili? Kwa kisa chako cha 2008 jibu linajulikana. Ziara ya okestra ya Pyongyang nchini Marekani ilizungumzwa, na haikufanyika.